Matofali ya Tshopo

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: nchi ikitoka vitani, nani anastahili kunufaika na kazi ya kuijenga upya? Najibu kutoka Kisangani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, komini ya Tshopo, maana swali hilo sisi tunaishi nalo tangu mwaka 2000.

Juni mwaka ule majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wetu, mji usio wa Rwanda wala wa Uganda. Umoja wa Mataifa ulihesabu makombora zaidi ya 6,600. Raia waliokufa ni mamia. Kwetu bomu lilichukua ukuta wa jikoni, sisi tukiwa tumejibana chini ya kitanda cha baba.

Ukuta ulisimamishwa tena mwaka uliofuata, na mpaka leo ukiutazama unaona pale vita ilipopita: matofali ya zamani ni mekundu, ya baadaye yamepauka kwa sababu kuni zilikuwa ghali na tanuri lilizimwa mapema. Walionufaika na ukuta ule nawajua wote. Jirani aliyefyatua matofali. Vijana waliochota mchanga mtoni. Kijana wa toleka (teksi ya baiskeli) aliyeleta saruji mfuko mmoja mmoja nyuma ya baiskeli, akipanda mlima kwa miguu huku ameushikilia kwa mkono mmoja. Fundi alilipwa nusu pesa, nusu mchele. Senti ya baba haikutoka Tshopo. Miezi michache baadaye yule fundi naye akaezeka kwake, na aliyemuuzia mabati ni mtu wa mtaa wa pili.

Nusu ya mji ilijengwa hivyo, bila mfadhili wala kibao cha mradi.

Wapo wanaosema aliyeingia vitani ndiye apewe tenda. Marekani ilifanya hivyo Iraq: Desemba 2003 wizara yake ya ulinzi ilizifungia nje ya kandarasi kuu, zenye thamani ya dola bilioni 18.6, nchi kama Ufaransa, Ujerumani na Urusi, ambazo hazikuunga mkono vita. Nikiileta hoja hiyo Kisangani, naogopa. Majeshi yaliyotubomoa yaliingia Congo yakiwasaidia waasi waliosema wanatukomboa. Basi wao ndio waje watuuzie saruji?

Kilichoniuma zaidi lakini kimetoka kwetu wenyewe. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague iliamuru Uganda iilipe Congo dola milioni 325, milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano. Milioni 225 ni kwa ajili ya watu, waliokufa na walioumizwa. 40 kwa mali. 60 kwa utajiri wa asili uliochukuliwa. Serikali ilikwisha kuunda mfuko wa fidia, FRIVAO, na makao yake yakawekwa hapa hapa Kisangani. Tulifurahi. Kisha karibu dola milioni 19 za mfuko huo zikatolewa kwa ajili ya kujenga gereza. Mkandarasi mmoja, hundi moja. Septemba 2025 waziri wa zamani wa sheria, Constant Mutamba, alihukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu kwa kuzifuja, ingawa yeye alikana kosa.

Huenda gereza linahitajika. Ila fedha ile ni bei ya miguu ya watu. Ni ya watoto waliozikwa uani kwa sababu hakuna aliyethubutu kutoka kwenda makaburini.

Ndiyo maana nasema anayestahili faida ya kwanza ni yule aliyebomolewa, na apewe mkononi mwake, achague fundi mwenyewe. Hundi ya mamilioni huibwa na mtu mmoja chumbani. Fedha ikigawanywa kwa nyumba elfu, kila mwenye nyumba anasimama juu ya fundi wake na kuhesabu mifuko. Kwa mitambo ya umeme ya bwawa la Tshopo sina ubishi, waje wageni wenye ujuzi, wapate faida yao halali, mradi waashi na mafundi umeme wawe watoto wa hapa na wabaki wakijua kuitengeneza.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja aliyepoteza mume siku ya tatu ya vita vile. Kipande cha chuma kilichotolewa ukutani anakitunza kwenye kopo la maziwa pamoja na karatasi zake za fidia, akiitwa akionyeshe. Fundi amekwisha kumpata, wamepatana vyumba viwili. Matofali yake mia sita yapo uani, ameyafunika kwa majani ya migomba, na kila mvua kubwa ikipita anatoka kuyafunika upya.