Siku moja kusini mwa Iceland na watafiti wageni

Umeuliza kama siku moja inatosha kuwatoa watafiti Reykjavík wakaone volkano na barafuto, na umepanga vituo tisa. Punguza! Vitatu vinatosha, watu hawa wakishika jiwe hawaliachii.

Ningetenga muda mrefu zaidi Sólheimajökull. Ulimi huu wa barafu unashuka kutoka barafuto kubwa ya Mýrdalsjökull, na chini yake kuna Katla, volkano iliyolipuka kwa kishindo mwaka 1918. Waonyeshe mistari myeusi ndani ya barafu: ni majivu ya milipuko ya zamani, na ukiyafikicha vidoleni yanakwaruza kama msasa. Kupanda juu ya barafu yenyewe, msithubutu bila kiongozi mzoefu na njumu za chuma. Uprofesa haumzuii mtu kutumbukia kwenye ufa.

Maporomoko ya Skógafoss yapitieni kwa dakika chache, kisha ufuko wa Reynisfjara kwenye nguzo za basalti (mwamba wa volkano), na msiyape mawimbi mgongo. Skeiðarársandur, uwanda wa mchanga wenye mihimili ya daraja iliyopindwa na mafuriko ya 1996, ni mbali mno. Hiyo ni safari ya kulala.

Ramani ya jiolojia mpe kila mtu kabla basi halijaondoka. Upepo wa kule ukivuma, hakuna atakayesikia maelezo yako.