Usitie sahihi karatasi yenye neno "cement" peke yake

Umeuliza maana na matumizi ya neno la Kiingereza "cement", na kama Portland, jina linaloandikwa pamoja na saruji, ni kampuni. Hayo yangoje, kwa sababu umetaja kwamba mkandarasi wako wa Nyamasaria amekuandikia "cement floor" na kesho unatia sahihi. Usitie.

Mimi nilitia. Kiwanja changu kiko upande wa Ahero, karibu na Kisumu, juu ya udongo ule mweusi wa tambarare za Kano unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Niliposoma "cement floor" nilielewa zege, yaani saruji, mchanga na kokoto kwa uwiano wa 1:2:4, unene wa inchi nne, na wavu wa chuma ndani. Mkandarasi wangu alikusudia plasta ya saruji na mchanga, unene wa vidole viwili, iliyotandazwa juu ya udongo uleule alioushindilia kwa gogo. Sakafu iling'aa kama sahani mpaka mvua za Aprili zilipofika, ndipo ufa ukaanzia mlangoni na kupita chini ya kabati, na kufikia Juni mwanangu alikuwa akitumbukiza humo sarafu za shilingi tusizoziona tena. Ndiyo benki pekee niliyowahi kufungua. Kubomoa, kuuchimba na kuuondoa udongo ule, kujaza mawe na kumwaga zege upya kulinigharimu kuliko paa zima.

Nilipomkabili alinijibu bila haya, "Cement ni cement, mzee," na kinachoniuma hadi leo ni kwamba karatasi ilikuwa upande wake. Muuza vifaa, ambaye nilimwonyesha karatasi hiyo kabla ya kulipa, aliitikia kwa kichwa kwa hekima kubwa na kuniuzia mifuko.

Neno lenyewe ni kigeugeu. Asili yake ni Kilatini, ambako lilitaja mawe yaliyopasuliwa. Leo kwa haki ni ule unga wa mfuko wa kilo 50, lakini watu huita hivyo pia zege, plasta, hata kibandiko cha daktari wa meno. Portland si kampuni: Joseph Aspdin wa Leeds aliipa saruji yake jina hilo katika hataza (patent) ya 1824, akiifananisha na jiwe la Portland, Uingereza.

Mpigie mkandarasi leo hii. Afute "cement", aandike "zege", uwiano, unene kwa milimita, wavu wa chuma, na kina cha udongo mweusi atakaouondoa. Akisema hayo yanaeleweka bila kuandikwa, mwulize yanaeleweka na nani.