Kukata DNA ndefu mahali pamoja tu: hangaika na metili kwanza

Vimeng'enya vya kukata DNA havina simile. Kimoja chao, EcoRI, kikikuta mfuatano wa herufi za DNA GAATTC kinakata, na kromosomu ya bakteria E. coli, yenye jozi za besi kama milioni 4.6, ina mamia ya sehemu hizo. Unaingiza DNA nzima, unatoa makombo.

Wanafunzi wakiniuliza wafanyeje wapate mkato mmoja, huwaelekeza kwenye mbinu ya Koob, Grimes na Szybalski ya 1988, "kisigino cha Achilles". Protini ya lac hukalia opereta yake, yaani kipande cha DNA inachokitambua, na kufunika sehemu moja ya mkato. Kimeng'enya cha HhaI cha kupachika metili, kikundi kidogo cha kemikali kinachozuia mkato, huzifunga sehemu nyingine zote. Kisha protini inaondolewa, kimeng'enya cha kukata HaeII kinaingia, na kinakuta mlango mmoja tu ulio wazi. Mwaka 1990 Koob na Szybalski walikata hivyo jenomu ya E. coli na kromosomu ya hamira mahali pamoja, wakiwa wameshapandikiza opereta humo.

Watu huhangaikia ile protini. Mimi nasema hangaikia metili. Piga hesabu: kwenye sehemu 600, asilimia 1 tu ikibaki bila metili, una mikato sita usiyoitaka, na jeli yako ya kutenganisha vipande haisomeki. SAM, kemikali inayotoa metili, huharibika upesi. Tumia mbichi, na uiongeze tena kazi ikiwa katikati. DNA ndefu tunaifungia ndani ya agarosi, aina ya jeli, isikatike kwa kutikiswa, kwa hiyo kata vipande vyembamba na uvipe muda. Vimeng'enya hupenya polepole mno.

Usikose mrija usio na protini ya kinga. Huo, baada ya metili na HaeII, lazima DNA yake ibaki nzima. Ikisambaratika, acha kila kitu urudi kwenye metili, hata kama sampuli yenyewe inavutia macho.

Kama huna opereta mahali unapotaka, kuna njia ya Ferrin na Camerini-Otero (1991) inayotumia protini ya RecA kama kinga: kipande kifupi cha DNA unachokiagiza ndicho kinachoipeleka protini mahali pake. Pima uwiano kwa makini, RecA moja kwa kila nukleotidi (herufi za DNA) tatu hivi za kipande hicho. Ikizidi, inakalia hata pasipohusika na kuzuia metili.

Siku hizi wengi hutumia Cas9, kimeng'enya kinachoelekezwa na RNA mahali pa kukata, na kwa kutoa pande kubwa tu sina ubishi nao. Ila Cas9 huacha ncha butu mara nyingi. Nikitaka ncha zenye mkia wa kuunganishia, bado narudi kwa RecA na EcoRI.