Kutabiri drafti ya hoki ya barafu: acha kumkodolea macho mchezaji, mtazame anayechagua

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Ligi yenu ya kuigiza ya hoki ya barafu ina timu 10, na mmewekeana shindano la kutabiri raundi ya kwanza ya drafti, yaani timu zikipokezana kuchagua chipukizi wapya, nani atachukuliwa namba ngapi. Jina likikaa kwenye namba yake kamili unapata pointi, likipishana hata kwa nafasi moja hupati kitu. Wewe ukapanga majina kwa kufuata alama za wachezaji, mwenye nyingi juu, mwenye chache chini, ukaambulia moja kati ya kumi. Na hilo moja ni la namba moja, ambaye hata muuza kahawa angemtaja. Umebandika na orodha yako ya msimu ujao, unauliza umekosea wapi.

Pole. Msimu wangu wa kwanza nilipata mawili kati ya kumi na mbili kwa njia hiyohiyo.

Mimi niko Tanga, Ngamiani. Ligi niliyomo ina watu wa kila upande wa dunia: kila mwanachama anaunda mchezaji wake mmoja, anamlea kwa kazi za kila wiki zinazompa alama, mechi zinachezwa na programu, na mameneja wa timu 12 wanachagua chipukizi wapya kabla msimu haujaanza. Nina misimu sita humo. Barafu ninayoijua kwa mikono yangu ni ile ya kwenye makasha ya samaki pale Deep Sea, na ile ya ukwaju ya kwenye vifuko tuliyokuwa tukinunua tukitoka shule. Haijanizuia kitu, kwani humo hakuna anayeteleza na viatu vya chuma. Wote tunabonyeza simu.

Drafti yetu huanza saa tatu usiku kwa saa za Toronto, na wakiwa kwenye kiangazi chao, hiyo kwetu ni saa kumi alfajiri. Msimu ule wa kwanza mjomba alinikuta barazani na simu na bando la usiku. Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nasubiri drafti. Akatazama kushoto, akatazama kulia, "Na mwenzio yuko wapi?" Kwake yeye drafti ni ubao na vizibo vya soda, watu wawili na watazamaji kumi wenye kelele. Ikabidi nimweleze kwamba hii ni ya kuchaguana, kama watoto wanavyogawana timu za chandimu: manahodha wawili, huyu anachagua mmoja, yule naye mmoja, mpaka wanaisha. Akasema, "Basi wa kwanza ni mwenye mpira," akaenda zake kutawadha.

Nikacheka. Namba moja akatoka niliyemtabiri, namba mbili pia. Namba tatu, meneja akamchukua mtu ambaye kwenye orodha yangu ya alama alikuwa wa kumi na nne. Wa kumi na nne! Adhana inatolewa, mimi napekua nijue ni nani. Kumbe bwana huyu alikuwa ameshinda mwezi mzima akiichorea timu ile jezi, mabango na takwimu za kila mechi, bila kuombwa. Ndiye mwenye mpira.

Hapo ndipo penye jibu lako. Alama za chipukizi siku ya drafti zinakaribiana mno. Kwetu sisi, tofauti ya wa kwanza na wa kumi ni kazi za wiki mbili au tatu, pengo linalozibika kabla ya nusu msimu. Meneja anajua hilo. Anachonunua ni mtu atakayekuwa bado anaingia kila wiki misimu minne mbele, maana mchezaji aliyetelekezwa na mwenyewe hata angekuwa na alama nyingi kiasi gani siku ya kwanza, anadumaa. Kwa hiyo meneja anasoma mahudhurio. Anaangalia nani anajibu ujumbe siku hiyohiyo, nani anauliza maswali yenye akili kuhusu mfumo wa timu, nani aliwahi kuwa na mchezaji mwingine humo akamlea mpaka kustaafu. Huyo wa mwisho hupanda sana. Mkongwe anayerudi na mchezaji mpya, usimweke chini ya namba tano hata kama alama zake ni za mtu mvivu.

Na kuna jambo ambalo wengi hulichanganya, nami nililichanganya. Shindano halikuulizi nani atakuja kuwa mchezaji mzuri. Linakuuliza nani atatajwa, na lini. Chukua drafti ya kweli ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, ya mwaka 2000. New York Islanders walimchukua kipa Rick DiPietro namba moja. Henrik Lundqvist, kipa aliyekuja kulinda lango la New York Rangers kwa miaka 15, alichukuliwa na Rangers haohao namba 205. Ungekuwa mtabiri mwaka ule, ukaota ndoto ya kweli kwamba Lundqvist ndiye kipa bora wa kundi zima, ukamweka juu, ungepata sifuri. Mwaka 2017 vivyo hivyo: Nico Hischier, senta (mshambuliaji wa kati), namba moja, na Cale Makar, beki, namba nne. Leo ukiwapa watu nafasi ya kurudia, wengi wangeanza na Makar. Haikusaidii kitu. Siku ile wenye zamu ya kwanza walikuwa timu ya New Jersey, na New Jersey walitaka senta.

Anayetaka kuona alama zikishindwa na mchaguaji aangalie 2022. Shane Wright alitajwa muda mrefu kuwa ndiye namba moja. Lakini Februari ya mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Beijing, kijana wa Slovakia, Juraj Slafkovský, alifunga mabao 7 akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Drafti ikafanyika Montreal, na Montreal ndio waliokuwa na zamu ya kwanza. Wakamchukua Slafkovský. Wright akateremka mpaka namba nne, Seattle.

Sasa tazama hasara ya kosa moja la namna hiyo, maana nadhani ndilo lililokumaliza. Tuseme umepanga A, B, C, D, E, F, G kwa mfuatano huo. Mawazo yako kuhusu wote ni sahihi isipokuwa B, ambaye kwa sababu yake mwenyewe anateleza mpaka namba saba. Matokeo yanakuwa A, C, D, E, F, G, B. Umekosea kwa mtu mmoja tu, lakini umepata pointi moja kati ya saba, kwa kuwa kila aliyekuwa nyuma yake amepanda ngazi. Kwa hiyo muda wako usiutumie kubishana kama E ni bora kuliko F. Utumie kutafuta nani anaweza kuteleza. Kwetu wanaoteleza ni wa aina mbili: wenye alama nyingi wasioongea na mtu, na makipa.

Makipa wanahitaji maneno zaidi. Kwenye barafu timu inaingiza washambuliaji watatu, mabeki wawili na kipa mmoja. Mshambuliaji wa ziada atapatiwa kazi, beki wa ziada atapatiwa kazi, lakini kipa wa pili anakaa benchi akikunja nne. Timu yenye kipa kijana mzuri haina haja kabisa na kipa mwingine hata awe malaika. Hata NHL yenyewe, tangu Pittsburgh wamchukue Marc-André Fleury mwaka 2003, hakuna kipa mwingine aliyetoka namba moja. Hivyo kipa usimpange kwa alama zake. Orodhesha timu, andika umri wa kipa wa kila moja, kisha umweke kipa wako kwenye zamu ya timu ya kwanza ambayo kipa wake anakaribia kustaafu. Ni kazi ya dakika ishirini, na msimu wa tatu ilinipa jina ambalo hakuna mwingine aliyelipata.

Kwa waliobaki, chukua daftari la hesabu, lile la mraba. Majina upande wa kushoto, namba za zamu juu. Kwenye kila kijumba andika unadhani mara ngapi kati ya mia mtu huyo angetoka kwenye namba hiyo. Usijali kupatia sana, kadiria tu. Kisha usifanye kosa nililofanya mimi, la kwenda zamu kwa zamu ukimchukua mwenye asilimia kubwa. Mfano: Bwana X una uhakika naye wa 40 kwa namba tatu na 35 kwa namba nne. Bwana Y ana 35 kwa namba tatu, ila kwa namba nne ana 5 tu, kwa sababu timu ya nne haimtaki. Ukimweka X namba tatu kwa kuwa ndiye mwenye asilimia kubwa, Y anaangukia namba nne, na jumla yako ni 45. Ukiwageuza, Y namba tatu na X namba nne, jumla ni 70. Umemweka kwenye namba tatu mtu ambaye si chaguo lako la kwanza la namba tatu, na bado umefaidika. Hili lilinichukua misimu miwili kulielewa na nilikuwa nalipwa mshahara wa kupiga hesabu bandarini.

Asilimia zenyewe unazitoa wapi? Drafti zilizopita. Soma kila meneja amechagua nini. Kwetu yupo mmoja ambaye drafti nne mfululizo raundi ya kwanza amechukua beki, na kila mwaka watu wanaandika kwamba mwaka huu anahitaji mfungaji. Yupo Mfini ambaye akiona jina la Kifini mkono unamwasha. Yupo anayemsifia chipukizi hadharani siku mbili kabla, na hajawahi hata mara moja kumchukua aliyemsifia. Mimi huyo ndiye meneja ninayempenda kuliko wote, kwa sababu ananipa jina la kufuta. Waulize pia chipukizi wenyewe wameongea na timu ngapi. Wengi watakwambia, wanaona fahari.

Kitu kingine kidogo kilichoniumiza: tarehe ya mwisho ya kujiandikisha. Msimu wa pili nilimweka namba tatu kijana ambaye hakuwa hata kwenye kundi la mwaka ule, alijiandikisha siku moja baada ya dirisha kufungwa. Nilijifariji kwa kisa cha Alexander Ovechkin. Mpaka wa NHL ni kutimiza miaka 18 ifikapo Septemba 15, naye amezaliwa Septemba 17, 1985, kwa hiyo mwaka 2003 alipungukiwa siku mbili. Florida wakajaribu kumchukua hivyohivyo kwa hoja kwamba ukihesabu siku za ziada za miaka mirefu, ile yenye Februari ya siku 29, kijana ametimiza. Walikataliwa, akatoka namba moja mwaka uliofuata, Washington. Mimi sikuwa na hoja hata ya siku za mwaka mrefu.

Raundi za mwisho usizitabiri kama hamlazimishwi, mameneja huwa wamechoka na wanaanza utani. Mwaka 1974 Buffalo Sabres walichukua namba 183 mchezaji wa Kijapani, Taro Tsujimoto, ambaye hakuwepo duniani, walimtunga tu. Sasa hapo daftari la mraba litakusaidia nini?

Nirudi kwenye orodha yako. Kipa umemweka namba mbili kwa sababu ana alama nyingi kuliko wote, lakini kwa maelezo yako mwenyewe timu ya pili ina kipa wa msimu wa tatu. Mtoe hapo. Umesema timu ya sita kipa wao anamaliza mwaka huu, basi kipa ni namba sita, na hapo mimi ningeweka hata nauli yangu ya kwenda Muheza. Yule mchora mabango uliyemwacha nje kabisa ya kumi bora, mrudishe, na umweke kwa timu anayoichorea. Namba moja mwache alipo.

Namba nne ndiyo inayonitia wasiwasi. Unasema meneja wao ana wiki mbili hajawaandikia chipukizi wowote. Wa kwetu alipokaa kimya hivyo, alikuwa keshaiuza zamu, ikatangazwa saa moja kabla ya drafti na nusu ya watabiri wakawa wamelala. Orodha yako usiifunge leo. Amka mapema siku yenyewe, angalia kwanza zamu ya nne iko mikononi mwa nani.