Cheti kinakataliwa: nizime ukaguzi?

SWALI: Ninatunza seva sita za kituo cha afya huku Kadutu, Bukavu, kwa Ansible, programu ya kuendesha seva nyingi kwa pamoja. Tangu Jumatatu get_url, moduli yake ya kushusha faili, inagoma, inasema cheti cha tovuti si halali. Fundi mmoja ameniambia niandike validate_certs: no, yaani vyeti visikaguliwe, yote yatapita. Nifanye hivyo?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Kwanza andika date, amri inayoonyesha tarehe na saa, kwenye mashine inayolalamika. Mwezi huu nimeitwa Ibanda kwa kosa hilohilo: umeme ulikatika usiku, betri ya ndani, ile CR2032 ya duara, ilikuwa imekufa, na mashine ikaamka ikiamini ni mwaka 2018. Kwake cheti cha mwaka huu kilikuwa hakijaanza kazi. Tukabadilisha betri, tukawasha chrony, programu inayosawazisha saa kwa mtandao, basi. Saa ikiwa sawa, sasisha ca-certificates, kifurushi cha vyeti vya mzizi ambavyo mashine inaviamini. Mashine nyingi za zamani zilikwama tarehe 30 Septemba 2021, cheti cha mzizi kilichotegemewa na Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya tovuti bure, kilipoisha muda.

Kinachoniuma ni ushauri wa huyo fundi, maana ninaukuta kila mahali. Watu wanadhani cheti ni usumbufu wa kuruka ili kazi iende. Ukizima ukaguzi, Ansible haiulizi tena ni nani anayejibu. Yeyote aliyeshika ruta ya jengo anaweza kukupa faili yake, nawe kwa become, agizo la Ansible la kupanda cheo, unaiweka kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine, kwenye seva zote sita kwa mpigo mmoja. Na humo mna majina ya wagonjwa!

Badala yake ongeza mstari wa alama ya kuhakiki faili, checksum: sha256:, ukifuatwa na herufi na tarakimu 64 ulizozitoa kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Mtandao ukikatika njiani, faili nusu inakataliwa. Faili sahihi ikiwa tayari ipo, haishushwi tena, na mega zako zinabaki.

Mjini zinazunguka faili za Ansible kutoka flashi hadi flashi, zimejaa validate_certs: no, allow_unauthenticated: yes (kubali vifurushi visivyothibitishwa), na curl, amri ya kushusha, inayomwaga skripti moja kwa moja ndani ya bash iendeshwe bila kusomwa. Hakuna anayekumbuka zilikuwa zinaficha kosa gani. Ukipewa faili ya namna hiyo, usiiendeshe. Tafuta maneno hayo kwa grep, amri ya kutafuta maandishi ndani ya faili, yaondoe moja moja, uone ni kosa gani linajitokeza. Anza na zile alizokuachia huyo fundi.