Maswali ya Wasomaji: Nyimbo Zangu Haziishi

Swali: Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana wa Nyakato hapa Mwanza, napiga gitaa, na tuna kikundi cha watu wanne tunaopenda muziki wa roki wa zamani. Huwa nawasikiliza wazee wa Uingereza na Marekani wakihojiwa kuhusu maisha yao, watu wa miaka themanini ambao bado wanatunga. Mimi nina daftari lenye mianzo zaidi ya thelathini, lakini nyimbo zangu haziishi. Sauti inakuja upesi, maneno yanakwama. Wenzangu wanasema Kiswahili hakikubali roki, afadhali tuimbe Kiingereza. Nakutumia kipande nilichorekodi kwa simu, ni juu ya mchumba aliyeahidi kuvuka kwa kivuko cha Kamanga siku ya Jumapili, asije. Wazee hao wanafanyaje?
*Mpiga gitaa, Nyakato*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Neno lako hilo, "haziishi", nimelisoma mara mbili, kwa kuwa wimbo usioisha na wimbo usioishi kwa Kiswahili tunazisema kwa neno lile lile, na nadhani katika daftari lako mambo hayo mawili yameshikana. Wimbo ambao mtungaji hajaumaliza hauwezi kwenda kwa watu, na usipokwenda kwa watu hauna mahali pa kuishi.

Kwanza ondoa hofu ya sauti kutangulia na maneno kuchelewa, maana wakongwe wengi walianza hivyo hivyo. Paul McCartney, aliyezaliwa Liverpool mwaka 1942, amesimulia mara nyingi kwamba sauti ya wimbo wake uitwao Yesterday ilimjia usingizini, akaamka, akaenda kwenye piano, akaikuta yote ipo. Kwa muda alizunguka akiwauliza watu kama wamewahi kuisikia mahali, akihofia kwamba ni mali ya mtu mwingine. Maneno hakuwa nayo. Ili sauti isimpotee aliiimbia maneno ya kupitisha siku tu, kuhusu mayai ya kuvuruga, na maneno ya kweli akayapata baadaye akiwa safarini Ureno mwaka 1965. Ninachotaka ukione hapo ni kazi ya yale mayai. Yalikuwa na idadi ya silabi inayotakiwa na mapigo yanayotakiwa, yakamshikia nafasi kama mama anavyoacha ndoo yake kwenye foleni ya bombani akaenda kumwangalia mtoto: akirudi, nafasi yake bado ipo. Wewe, kwa jinsi ninavyosikia katika kipande chako, unataka mstari wa kwanza uwe mzito na wa mwisho tangu siku ya kwanza, na usipopatikana unafunga daftari.

Keith Richards wa bendi ya Rolling Stones naye anasimulia kwamba mshindo wa gitaa wa wimbo uliowapa jina dunia nzima mwaka 1965 aliupiga usiku akiwa nusu usingizini, na asubuhi alipoirudisha nyuma kanda ya kaseti aliyokuwa nayo kitandani alisikia gitaa kidogo, kisha akasikia mkoromo wake mwenyewe hadi kanda ikaisha. Simu yako basi ilale karibu nawe. Sauti ikija usiku na ukasema utaikumbuka asubuhi, hutaikumbuka. Nimepoteza nyingi kwa njia hiyo, na hadi leo zinaniuma.

Kuhusu muda, wakongwe hawafanani, na ningependa usijipime kwa saa ya mtu mwingine. Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1946, alieleza kwamba mwaka 1979 akiwa hotelini Munich alitunga wimbo mzima kwa dakika chache akiwa bafuni, tena kwa gitaa, chombo ambacho hakukimudu vizuri. Na mwenyewe alisema kutojua kwake kulimsaidia, kwa sababu alijua kuzishika nyuzi kwa namna chache tu, basi hakuwa na njia nyingi za kupotelea. Ni mtu huyo huyo ambaye miaka minne kabla, yeye na wenzake wa bendi ya Queen, walitumia wiki kadhaa studioni kwa wimbo mmoja wa karibu dakika sita. Bruce Springsteen alihangaika takriban miezi sita na wimbo mmoja kabla ya albamu yake ya mwaka 1975. Wasikilizaji hawajui muda huo, wala hawauulizi.

Sasa nije kwenye neno la wenzako, kwamba Kiswahili hakikubali roki. Hapa sikubaliani nao hata kidogo, na nimekisikiliza kipande chako mara tano ili nikuonyeshe kosa lilipo. Umeimba "barabara ya Kisesa", na pigo zito la ngoma likaangukia silabi ya pili: ba-RA-ba-ra. Barabara tunayopita kwa miguu hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ba-ra-BA-ra. Ukiusogeza mkazo huo hatua moja nyuma, msikilizaji anasikia lile neno lingine, barabara ya kusema sawasawa. Kwa nusu sekunde anajiuliza ni kitu gani kilicho sawasawa huko Kisesa, na katika nusu sekunde hiyo mstari wako wa pili umekwisha kupita bila kusikika. Dawa yake ni ndogo: anza neno kabla ya pigo, zile silabi mbili za kwanza zitangulie kama mtu anayekimbia kidogo kabla ya kuruka, na "ba" ya tatu itue juu ya pigo lenyewe. Jaribu leo jioni mbele ya mpiga ngoma wenu, utaona uso wake unavyobadilika.

Tatizo la wenzako linatoka hapo. Mmejifunza mapigo kutoka nyimbo za Kiingereza, lugha yenye maneno mengi mafupi ambayo pigo linaweza kuyaangukia popote, kisha mnamimina Kiswahili katika vyombo vile vile. Maneno yetu ni marefu, na mkazo wake una mahali pake. Kwa upande mwingine tuna utajiri ambao Mwingereza anautafuta kwa shida: karibu kila neno letu linaishia kwenye irabu, na irabu ndiyo inayovutika. Mwimbaji wa roki anapotaka kuishikilia sauti hadi ukumbi mzima usimame, anahitaji a, e au o wazi mwishoni mwa mstari. Sisi tunazo kila mahali. Wazee wa ushairi walilijua hili zamani, wakapima mshororo wa shairi kwa mizani kumi na sita, nane na nane. Wewe hesabu silabi kama wao, halafu ongeza juu yake hesabu ya mikazo, kwa sababu gitaa na ngoma hupiga kwa mkazo.

Nichukue mstari wako wa kiitikio: "Moyo wangu unahuzunika kwa sababu umeondoka." Una silabi kumi na tisa, na sauti uliyoitunga, nimeihesabu, ina nafasi ya kumi na tatu. Ndiyo maana unaonekana kukimbizwa. Lakini hata kama zingeenea, "kwa sababu" ni lugha ya kikao. Mtu aliyeachwa hatoi sababu. Katika barua yako uliniandikia jambo lenye nguvu kuliko mstari huo: ulisimama kivukoni, watu wakashuka, mmoja hakushuka. Kwa nini usiimbe hilo? "Kivuko kimefika, wewe hukushuka." Silabi kumi na tatu. Mikazo minne, VU, FI, WE na SHU, na mapigo yako ni manne. Huzuni haijatajwa popote, ila kila mkazi wa jiji hili aliyewahi kusimama pale akiangalia mlango wa kivuko ukiteremshwa, mizigo na baiskeli zikitangulia na watu wakifuata mpaka wa mwisho, ataiona mwenyewe. Sikupi mstari huu uutumie. Nakuomba urudi kwenye daftari na kuuliza kila mwanzo kati ya ile thelathini: siku ile niliona nini?

Ukishapata beti mbili, usisubiri wa tatu ndipo uwaimbie watu. Si mbali na kwako, pale Bujora, Kisesa, kila mwaka ngoma za Wasukuma hushindana, wagika na wagalu, vyama viwili vya wachezaji vinavyopambana, na anayeamua ni umati: wimbo ukilegea, watu wanahamia upande wa pili mbele ya macho ya mtunzi. Hakuna mwalimu mkali kuliko huyo. Nyimbo nyingi za dansi zilimalizwa kwa njia hiyo, jukwaani, usiku baada ya usiku, mpaka ikajulikana ni ubeti gani watu wanauimba pamoja nawe na ni upi wanaoutumia kwenda kununua soda.

Swali: Mimi ni mama wa Bukoba, na mume wangu huangalia matamasha ya wazee hao wa roki. Nami hujiuliza: hawachoki kuimba wimbo mmoja miaka hamsini?
*Msomaji, Bukoba*

Jibu: Mama, wanaochoka huacha, na wengi wameacha. Waliobaki nadhani wana namna mbili.

Ya kwanza ni kuukubali wimbo ukue pamoja na sauti. Joni Mitchell wa Kanada alitunga wimbo wake mashuhuri Both Sides Now, kuhusu kuyatazama mawingu na mapenzi kwa pande mbili akiwa na miaka 23, akaurekodi mwaka 1969 kwa sauti nyembamba ya msichana. Mwaka 2000 akaurekodi tena na okestra, sauti ikiwa imeshuka na kuwa nzito, na maneno yale yale yakasikika kama yameandikwa na mtu mwingine, mtu ambaye sasa anayajua anayoyasema. Mwaka 2015 aliugua vibaya hata ikambidi ajifunze upya mambo mengi, likiwamo gitaa. Mwaka 2022 alirudi jukwaani Newport, Marekani, akauimba akiwa ameketi. Mwombe mumeo akutafutie rekodi hizo, msikilize ya 1969 na ya 2000 kwa kufuatana, na mtakuwa mmepata jibu zuri kuliko langu.

Ya pili ni kwamba hawaimbi peke yao. Charlie Watts alipiga ngoma na Rolling Stones kuanzia mwaka 1963 hadi alipofariki mwaka 2021 akiwa na miaka 80. Ukimtazama, kila alipopiga ngoma ndogo kwa mkono wa kushoto, wa kulia aliuinua kutoka kwenye matoazi, ili pigo hilo lisikike lenyewe. Alifanya hivyo wimbo baada ya wimbo, akiwaachia wenzake nafasi ya kupumua. Mzee wetu Muhidin Gurumo alikuwa NUTA Jazz mwaka 1964, akapita Mlimani Park Orchestra mwaka 1978, akarudi Msondo, yaani ile ile NUTA kwa jina jipya, na alipotangaza kustaafu mwaka 2013, miezi michache kabla ya kifo chake, alikuwa ameimba zaidi ya miaka hamsini. Waliobahatika kumsikia wanakumbuka jinsi alivyouacha wimbo kwa wenzake, ubeti wake ukiisha, bila kung'ang'ania kipaza sauti.

Swali: Sisi ni kikundi cha Musoma, tunatunga pamoja mazoezini. Wimbo ukipendwa, ni wa nani?
*Wasomaji watano, Musoma*

Jibu: Ni wa aliyetunga, na mkitunga watano ni wa watano. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mnazungumzia mali ya wajukuu. Queen waligombana sana juu ya jambo hili, mpaka kwa albamu yao ya mwaka 1989 wakaamua kila wimbo uandikwe kwa majina ya wote wanne, nani kaleta nini lisiulizwe tena. R.E.M. wa Marekani waliandika majina yote manne tangu mwanzo. Katika bendi zetu za zamani vyombo vilikuwa vya mwajiri, na nyimbo zikajulikana kwa jina la bendi. Mimi nilipiga gitaa la rithimu katika bendi moja hapa Mwanza miaka ya 1980. Wimbo nilioutunga chumbani kwangu Kirumba ukarekodiwa, kanda ikauzwa, jina langu halikuwamo. Nikiusikia kwenye daladala hunyamaza mpaka uishe.

Kwa hiyo nunueni daftari moja la kikundi. Mazoezi yakiisha, kabla ya mtu kufungasha gitaa, andikeni jina la wimbo, tarehe, nani alileta sauti, nani maneno, na mgawanyo mliokubaliana, kisha watano wote mtie sahihi. Kila mmoja apige picha ya ukurasa huo kwa simu yake. Wimbo ukishakamilika, usajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kwa majina hayo hayo, kabla haujapelekwa redioni.