Maswali ya Wasomaji: Kebo ilipima vizuri, mbona imetoboka?

SWALI: Tuna kebo ya 33 kV yenye kihami (tabaka linalozuia umeme usitoke) cha plastiki iitwayo XLPE, imefukiwa miaka 14. Kila mwaka tunaipima kwa megger (kipima ukinzani wa kihami) na inasoma maelfu ya megohmu. Sasa imetoboka mahali pasipo na jointi, na fundi anasema ni maji. Yaliingiaje, na kwa nini kipimo hakikuona?

JIBU: Fundi huenda yuko sahihi. Maji hupenya plastiki polepole mno, na penye mkazo wa umeme hujikusanya kwenye kasoro ndogo: chembe ya uchafu, kishimo, nundu kwenye tabaka la nusu-kipitishi (linalopitisha umeme kidogo tu). Hapo huota matawi yanayoitwa miti ya maji. Hukua kwa miaka bila kutoa cheche. Alimradi matawi hayajavuka unene wote, kihami kilichobaki kizima hutosha kuipa megger usomaji mzuri. Siku moja volti hupanda ghafla, tuseme kwa radi, ncha ya tawi hugeuka mti wa umeme unaochoma plastiki, na kebo haidumu tena.

Pima tan delta (kipimo cha nishati inayopotea ndani ya kihami) kwa 0.1 Hz, kwenye 0.5, 1 na 1.5 ya U0, yaani volti kati ya waya na ardhi (kwenu U0 ni 19 kV). Thamani ikipanda sana kadiri volti zinavyopanda, shuku miti ya maji. Isipotulia kwenye volti zilezile, anza na jointi. Msiipige kebo kuukuu ya XLPE kwa DC (mkondo usiobadili mwelekeo) ya volti kubwa: chaji hunaswa ndani ya kihami, na kebo iliyofaulu jaribio hufa ikirudishwa kazini.

Njia kuu ya maji ni ncha iliyokatwa ikaachwa wazi, hata usiku mmoja. Nafasi kati ya nyuzi za shaba ni kama mrija, maji husafiri humo mita nyingi. Vika kofia inayosinyaa kwa joto yenye gundi ndani. Tepu ya plastiki haizuii maji, hata ukizungusha mara ishirini. Kabla ya kufunga jointi, fumua nyuzi uzikague. Zikiwa na maji, kata kurudi nyuma hadi pakavu, au pitisha nitrojeni kavu mpaka inayotokea upande wa pili iwe kavu pia. Hewa ya kompresa ya kawaida ina unyevu wake, iacheni.

Njia ya pili ni gamba la nje lililochanwa wakati wa kuvuta. Baada ya kufukia, lijaribuni kwa DC: 4 kV kwa kila milimita ya unene, isizidi 10 kV, dakika 1. Mkinunua kebo mpya kwa ardhi yenye maji, dai tepu zinazovimba zikilowa na XLPE iliyoundwa kuzuia miti hiyo.

SWALI: Kebo yetu ni ya zamani, ya karatasi na mafuta. Unyevu tunaujuaje kabla ya kuunga?

JIBU: Chukua vipande vya karatasi kwa koleo, si kwa vidole, maana jasho litakudanganya. Vitumbukize kwenye mafuta ya kihami yenye joto la takriban 130 °C. Povu na mlio wa kukaanga ni maji. Jaribu karatasi za karibu na ala ya risasi (gamba la metali ya risasi) na za karibu na shaba kando kando: povu likitoka kwenye za risasi tu, tafuta ufa kwenye ala, likitoka kwenye za shaba, maji yalipitia ncha.